Nilivyomfukuza Mgeni wa Mwalimu Liang kwa Kandambili

Leo nimejiaibisha mchana kweupe. Nimejiaibisha mbele ya wazee wawili wenye mvi, mama mmoja wa kamati ya mtaa mwenye kitambaa chekundu mkononi, na Bi Zuhura. Kati ya hao wote ninayemwogopa ni Bi Zuhura, kwa sababu ndiye anayewajua ninyi nyote huko Dar na ana mdomo. Kwa hiyo nawaandikia mwenyewe kabla habari haijawafikia imetiwa chumvi. Niko duka la intaneti, pembeni yangu kuna mwanafunzi anapigana na mazimwi kwenye kompyuta, na bado ana heshima kuliko mimi.

Kwa wasiojua, hapa Guangzhou nimepanga chumba mtaa wa Dengfeng, nyumbani kwa mzee anayeitwa Mwalimu Liang. Ujanani alikuja kwetu kwenye ujenzi wa reli, akakaa Makambako miaka mitano, akaondoka na Kiswahili ambacho sisi wenyewe tumekwisha kukisahau. Mimi ananiita Ndugu. Ukimwamkia shikamoo, anasimama kwanza, ananyoosha shati, ndipo anaitikia marahaba. Aliporudi kwao alifundisha biolojia mpaka akastaafu. Bi Zuhura, mama wa Unguja anayenunua mapazia na vyombo, amepanga chumba cha juu.

Sasa shida yangu. Viza yangu inakwisha Ijumaa. Leo ni Jumatano. Ili polisi waniongezee siku, mwenye nyumba lazima aandike barua kwamba ananifahamu, aitie sahihi, na twende naye ofisini kwao. Na mimi kuondoka siwezi. Makoti yangu ya watoto, yale ya baridi yenye bitana ya manyoya, bado yanashonwa kwenye karakana kule Kangle. Mwaka jana niliondoka kabla kazi haijaisha, nikamwachia laoban, yaani bosi wa karakana, amalizie peke yake. Nilipofungua mzigo Dar nikakuta mkono mmoja wa koti umefika vidoleni na mwingine umeishia kwenye kiwiko. Njombe nzima, ninakoyauza, hakuna mtoto mwenye umbo hilo. Safari hii nimeapa nitasimama pale karakana mpaka kifungo cha mwisho, na nina sampuli tatu nzuri za kulinganishia, nimezihifadhi kwenye boksi chini ya ngazi.

Basi wiki nzima naomba barua. Wiki nzima Mwalimu ananijibu, "Kesho, Ndugu." Kwa nini kesho? Kwa sababu ya nyuki.

Mwalimu Liang ana kiua nyuma ya nyumba, na kiuani mna mti mmoja wa longani, tunda la hapa lililo ndugu wa shokishoki. Kando ya ukuta kuna kichaka cha maua. Chini ya kichaka amefukia visanduku sita vya mbao, nusu viko ardhini na nusu viko nje. Ukubwa wake ni wa boksi la viatu, na kila kimoja kina kitundu cha kupita kidole gumba. Amevitengeneza mwenyewe kwa msumeno, na kila asubuhi anachuchumaa mbele yake na daftari, anatazama matundu. Miaka mitatu anatazama matundu. Majirani wanamcheka kwa sauti kutoka dirishani naye anawapungia mkono.

Nilimuuliza ni nyuki gani hao. Akaniambia ni nyuki wa kienyeji, wanene, wenye manyoya, ambao zamani walikuwa wakishuka kutoka mlima ulioko kaskazini ya mji kila baridi inapokwisha. Siku hizi mji umepanda mpaka kwenye nyayo za mlima na wao hawaonekani. Asali yao? Kijiko kimoja, na wanaila wenyewe. "Sasa faida yao nini, Mwalimu?" Akafikiri. "Wanakaa," akasema. Hiyo ndiyo faida, wanakaa.

Na hamjasikia kilichomo ndani ya visanduku. Ndani ametia viota vya panya. Sitanii. Ana rafiki yake mwenye ghala la mchele, anakwenda kwake kuomba viota ambavyo panya wamekwisha kuvihama, majani makavu, nyuzi, manyoya na harufu yake yote, anavileta nyumbani kwenye mfuko, mkono mwingine umeshika mchicha wa chakula cha jioni. Juzi niliposikia kitu kinatafuna chini ya ngazi nilimlalamikia waziwazi. Nilimwambia, "Mwalimu, panya wamekuja humu ndani kwa sababu ya takataka zako." Akaomba radhi. (Likumbukeni hilo la radhi, tutalirudia.)

Mimi, kama mjuavyo, ni mtoto wa Sikonge. Tabora nzima inajua nyuki, lakini Sikonge ndiko walikozaliwa. Baba yangu ana mizinga porini ambayo hata yeye hajui mwisho wake. Nyuki anataka nini? Anataka mzinga mkavu, uliofukizwa moshi, uliopakwa nta, uliotundikwa juu mtini ambako nyegere hafiki. Mtu anayemfukia nyuki ardhini na kumtandikia godoro la panya, halafu anashangaa miaka mitatu mbona hawaji, mimi namwonea huruma. Nilikuwa nampitia pale kiuani, natikisa kichwa, najisemea kimoyomoyo kwamba elimu nyingine ni hasara. (Ukweli wenyewe ni kwamba porini na baba nilikwenda mara mbili tu, na mara zote mbili kazi yangu ilikuwa kubeba maji. Lakini hilo Mwalimu halijui.)

Haya. Leo asubuhi namkuta Mwalimu barazani amevaa shati jipya, nywele amezilaza kwa maji.

"Shikamoo Mwalimu."

Akasimama, akanyoosha shati. "Marahaba, Ndugu Maganga. Leo saa nane wageni wanakuja. Walimu wawili, wenzangu wa zamani. Na mama wa kamati ya mtaa."

"Na barua yangu?"

Akapapasa mfuko wa shati. "Barua iko hapa, nimeandika. Sahihi baada ya wageni. Halafu mimi na wewe tunakwenda polisi barabara."

Kisha akaanza kunieleza wageni wanakuja kuona nini. Alieleza kwa kirefu. Nadhani yalikuwa maelezo mazuri sana. Mimi macho yalikuwa kwenye ule mfuko na ile kalamu, naitikia tu ndiyo Mwalimu, ndiyo Mwalimu. Nilichokamata ni maneno matatu: wageni, visanduku, kiuani. Halafu akachukua mwavuli, akaenda kuwapokea kituo cha basi, nao wanatoka mbali.

Nikabaki nawaza. Huyu mzee anawaleta watu wazima na akili zao waje waone mashimo matupu yenye vinyesi vya panya. Watamcheka. Akichekwa atavunjika moyo, akivunjika moyo atapanda kulala, na akilala sahihi yangu imelala naye. Hapana. Sikonge ipo, lazima imwokoe. Nimtengenezee mizinga ya kueleweka, aone tofauti, na kwa furaha itakayomshika hapo atatia sahihi hata mbili.

Ninaomba mtambue kwamba hapo nilikuwa na nia njema. Ni kitu cha mwisho kizuri mtakachokisoma juu yangu leo.

Nikaleta jiko uani, yale majiko yao ya makaa ya duara yenye matundu. Nikafukua kisanduku cha kwanza, nikafungua kifuniko. Harufu ikanipiga. Nikamwaga godoro la panya kando. Bi Zuhura alikuwa ngazini anakunja mapazia, kwa sababu mwezi huu kuta zote za Guangzhou zinatoka maji na nguo hazikauki popote.

"Wewe Maganga, unafanyaje huko?"

"Namsaidia Mwalimu."

"Mwenyewe kakutuma?"

"Bi Zuhura, mambo ya nyuki tuachie sisi watu wa bara. Nyie kazi yenu halua."

"Haya baba. Mie nimeuliza tu. Ila mtu akikuta chombo cha mwenziwe hukiacha kilipo mpaka mwenyewe arudi, ndivyo tulivyolelewa sie."

Nikamcheka. (Namwomba Mungu anisamehe kicheko kile, kwa sababu Bi Zuhura hatanisamehe.) Nikafukua cha pili, nikamwaga. Yale majani makavu yalikuwa yamekauka vizuri kuliko kitu chochote katika mji huu uliolowa, basi nikayatia jikoni kuwashia moto. Yakawaka mara moja na yakatoa moshi safi kabisa wa kufukizia mizinga. Nikaona hata takataka za Mwalimu nimezipatia kazi. Nikabandika na birika la chai ya wageni juu yake.

Nikafungua cha tatu. Humo mkasikika mngurumo, mzito, wa chini kwa chini. Mara likatoka dude. Nene, lina manyoya meusi na mkanda wa manjano, urefu wa kifundo cha kidole. Likapanda, likazunguka, likanijia usoni, likarudi kwenye kisanduku.

Mimi dude lile nalijua. Kwetu lipo, lile jeusi linalotoboa mbao za dari mpaka unga unawadondokea wakati wa kula. Baba yangu akiliona kwenye boriti hanyamazi. Ukiliacha kwenye mzinga litautoboa mpaka uwe kichujio. Nikavua kandambili.

"Toka! Nenda katoboe kwenu!"

Nililikosa mara ya kwanza. Mara ya pili nikalipata kidogo ubavuni, likayumba, likanung'unika, likaenda zake upande wa ngazi. Nikamwambia Bi Zuhura, "Umeona? Lingemaliza mbao zote hizi." Bi Zuhura akaendelea kukunja pazia lake huku analifuata lile dude kwa macho.

Ndani ya kisanduku kile cha tatu, katikati ya majani, palikuwa na kitu kidogo cha rangi ya kahawia, ukubwa wa harage, kama nta chafu hivi. Nikajua hilo ni yai la huyo mharibifu. Nacho nikakitia motoni.

Kazi ikaenda vizuri mpaka nikajistaajabia. Visanduku vyote sita nikavisugua, nikavifukiza, nikavipaka nta niliyoipata kwa mafundi wa Kangle, ile wanayopitishia uzi. Nikavifunga kamba za marobota, nikapanda mlongani, nikavitundika. Vikaning'inia pale sita vinanukia moshi. Nilishuka nikatazama juu, machozi yakanilengalenga, nikamkumbuka baba. Natamani ningeishia hapo.

Saa nane wageni wakaingia. Wazee wawili, mmoja mwembamba mwenye kamera shingoni, mwingine mfupi mwenye miwani minene. Mama wa kamati na kitambaa chake chekundu, ndiye yule ambaye kila Jumatatu anakuja kuhesabu kama mimi bado ni mtu mmoja. Mwalimu akawakaribisha sebuleni. Mimi nikamimina chai, kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Wakanywa. Mzee wa miwani akanusa kikombe, akasema kitu, Mwalimu akanitafsiria kwa furaha: "Anasema chai yako ina harufu ya shamba." Nikainamisha kichwa kushukuru.

Mwalimu akawahutubia kwa Kichina. Yule wa kamera akaweka filamu mpya. Mama wa kamati, ambaye miezi yote hii sijawahi kumwona akitabasamu, akatabasamu. Nikasema moyoni, hapa pana jambo. Lakini ni wakati gani ambao mimi nimewahi kunyamaza?

Nikasimama. "Mwalimu, kabla ya kwenda kiuani, naomba niseme maneno machache. Unitafsirie."

Akapendezwa. Akawaeleza wenzake kwamba Mwafrika ana hotuba. Wote wakageuza viti.

"Mimi natoka Sikonge," nikaanza, "ambako nyuki tunawajua tangu tumboni."

Akatafsiri. Wazee wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima.

"Baba yangu ni bingwa wa mizinga, na mimi nimerithi kwake."

Akatafsiri. Mama wa kamati akapiga makofi mawili madogo.

"Nimemwona Mwalimu miaka yote hii anahangaika bila kupata kitu. Nimeona leo, mbele ya wageni wake, nimsaidie."

Akatafsiri, ila mwishoni alipunguza mwendo.

"Basi nimevitoa visanduku ardhini vyote sita, nimemwaga ule uchafu wa panya, nimevifukiza na kuvitundika juu mtini."

Hakutafsiri.

Wazee wakamtazama. Wakanitazama. Mama wa kamati akamvuta Mwalimu mkono wa shati, nadhani alikuwa anauliza nimesema nini. Mimi, kwa sababu sina akili, nikadhani Mwalimu ameshikwa na furaha, nikafungua mlango wa kiua na kuwaonyesha kwa mkono. Upepo ukapita. Visanduku vikagongana mtini, ko ko ko, na chini ya kichaka yalikuwa yamekaa mashimo sita.

"Ndugu Maganga," Mwalimu akasema polepole. "Majani yaliyokuwa ndani yako wapi?"

"Nimeyachoma, Mwalimu."

"Umeyachoma wapi?"

Nililitazama birika tu. Naye akalitazama birika, akawageukia wageni, na hilo akalitafsiri. Wale wazee wawili wakainama, wakatazama ndani ya vikombe vyao, wakaviweka mezani kwa pamoja.

"Na katika sanduku la tatu," akasema Mwalimu, "palikuwa na mtu."

"Mtu gani? Palikuwa na dude moja tu nene la manyoya, linalotoboa mbao. Nimelifukuza."

"Kwa kitu gani?"

Kandambili ilikuwa mguuni, nikatamani iwe Tabora. "Kwa hii," nikasema.

Mwalimu Liang akakaa kwenye kigoda cha mlangoni. Hakunigombeza. Ni heri angenigombeza, kwa sababu huko nimezoea, mke wangu shahidi. Alitoa daftari, akanionyesha ukurasa. Siku nne zilizopita: malkia mmoja, anaingia, anatoka, anaingia. Jana: amebeba chavua ya kufinyangia bonge la kutagia mayai, amekaa ndani. Chini yake alikuwa amemchora kwa penseli, na manyoya yake yote. Ndiye wa kwanza. Miaka mitatu ya kuchuchumaa na kuchekwa dirishani, malkia mmoja ameshuka kutoka mlimani, akachagua kisanduku cha mzee huyu, na leo wenzake wamesafiri nusu ya mji kuja kumpiga picha.

Kumbe ndiyo ile habari ya asubuhi niliyoiitikia ndiyo Mwalimu, ndiyo Mwalimu.

"Yeye anataka chini, penye giza, Ndugu," akasema. "Anataka nyumba ya zamani ya panya, kwa sababu ina joto. Si nyuki wa baba yako."

Kisha akafanya kitu kidogo kilichoniumiza kuliko yote. Alitoa kalamu mfukoni, akaifunga kifuniko, akairudisha. Halafu akafunga na kifungo cha mfuko, na barua yangu ndani yake.

Niliona Ijumaa inakuja. Niliona ndege. Niliona laoban anashona makoti ya watoto wa mkono mmoja mrefu, na watu wa Njombe wananitafuta. Lakini niwaambie kweli, hata bila barua ningelia. Yule mzee alikuwa ananiomba radhi juzi kwa ajili ya panya, na mimi niliipokea radhi yake kama haki yangu.

"Nitamtafuta," nikasema.

Basi mjionee picha hiyo. Watu wazima watano kiuani, wamepiga magoti kwenye matope, wanachungulia chini ya kila jani. Mzee wa kamera anachungulia ndani ya ndoo. Mama wa kamati amevua kitambaa chake chekundu kisije kikamtisha nyuki. Mimi natambaa na koti langu la biashara, nanong'ona, "Mama, samahani. Mama, rudi." Kwa Kiswahili, nyuki wa Kichina.

Ndipo sauti ikatoka ngazini. Mwanamke yule muda wote alikuwa amekaa pale, amemaliza mapazia, ametulia na kahawa yake.

"Mwalimu," akasema Bi Zuhura, "huyo mgeni wako mie nimemwona. Kaingia kwenye mzigo wa Maganga."

"Tangu saa ngapi?" nikauliza.

"Tangu ulipompiga kiatu."

"Mbona hukusema?"

"Si uliniambia kazi yangu halua?"

Boksi langu la sampuli lilikuwa chini ya ngazi, palepale nilipoliweka mwezi uliopita. Kwenye pembe palikuwa na tundu la mduara, limetafunwa vizuri, la kupita kidole gumba. Mwalimu akapiga goti, akamulika kwa tochi kwa pembeni, polepole, akachungulia. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka nikadhani amepatwa na kitu. Kisha akacheka. Mwalimu Liang akicheka mabega yanapanda na sauti haitoki.

Akaniita nitazame. Nikatazama. Koti la sampuli la kwanza, bitana yote imenyofolewa. La pili, mfuko haupo. La tatu nililitambua kwa zipu. Manyoya yote yamesokotwa, yakachanganywa na vipande vya risiti zangu, yakafanywa kitanda cha duara, kizuri, kilichochimbwa katikati. Ni kiota cha panya. Na ndani ya kiota cha panya, mzima, mnene, ananguruma na kupanga mambo yake, dude langu.

Mwalimu akasimama, akawatafsiria wenzake. Hilo alilitafsiri lote, taratibu, bila kuruka neno, na nikasikia neno Sikonge mara mbili. Mama wa kamati akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Bi Zuhura akampisha nafasi. Hawana lugha hata moja ya pamoja wale, lakini walikuwa wameshikana mikono.

"Ndugu Maganga," akasema Mwalimu, "nakumbuka ulisema panya ni wangu."

Hapo tulikuwa tumeifikia ile radhi.

"Panya huyu amekwisha kuhama. Ameacha godoro. Joto sana, kuliko godoro langu." Akagonga tochi kiganjani. "Sanduku hili halisogezwi."

"Mwalimu, hizo ni sampuli. Bila hizo laoban atanishonea anavyotaka."

"Mlete laoban hapa. Atachuchumaa, atatazama kwa tochi. Avue viatu, asipige kelele."

"Sasa hata kama ataishi humo, mimi Ijumaa sipo. Nani atamzuia Bi Zuhura asiliburute akipitisha mapazia?"

Sijui kilichonituma kusema vile. Lakini Mwalimu alinitazama, akaitazama ngazi, akaitazama robota la mapazia lililokuwa limeegemezwa sentimita chache kutoka kwenye boksi. Akafungua kifungo cha mfuko. Akatoa barua, akaiweka juu ya goti, akaongeza mstari mmoja chini, na akatia sahihi.

Polisi tulifika saa kumi kasoro. Ofisa akaisoma barua, akafika mstari wa mwisho, akasimama. Akamwita mwenzake. Wakaisoma wawili. Wakanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye magoti yangu yenye matope. Nikamuuliza Mwalimu ameandika nini pale chini, akanijibu kwa ile sauti yake ya darasani: "Nimeandika, mgeni huyu anahitajika nyumbani kulinda boksi."

Wakagonga muhuri. Tulipopita mtaa wa Xiaobei kurudi, muuza kadi za simu, ambaye siku zote huniita rafiki, alininyooshea mikono akanionyesha mabawa. Bi Zuhura alikuwa ameshapita.

Basi ndiyo hivyo. Mimi polisi wamenipa siku thelathini. Malkia, Mwalimu amempa mpaka atage upya na watoto wake wakue wote, na nikitoka chumbani napita kwa ncha za vidole nisimsumbue, pekupeku, kwa sababu kandambili zimechukuliwa. Mkitaka kucheka chekeni hukohuko Dar, lakini habari hii isifike Tabora.